Vijiti vya Pili

Kila Ijumaa jioni mwalimu mpya wa Kiingereza, yule mgeni wa kituo cha masomo ya ziada ghorofa ya tatu, huinua vidole viwili mlangoni mwa mkahawa. Siku ya kwanza aliinua kimoja, na Mama Malsun, mwenye mkahawa, akamwambia nyama ya kuchoma hapa Daegu huanzia watu wawili. Tangu hapo huagiza ya wawili, hula nusu na nusu hufungiwa. Vidole vyake vina wino wa kalamu ya ubaoni. Sauti imemkauka kwa kurudia maneno yale yale kutwa, na hapa haimtoki ila kwa kusema asante. Hupanga vijiti vya pili vya kulia chakula upande wa pili wa meza, hufungua chupa ya pombe ya mchele, kisha huitazama glasi tupu mpaka aondoke.

“Anamngoja mtu,” alisema wifi yake Mama Malsun, akimenya vitunguu saumu.

“Mtu gani huyo, wiki ya sita haji?”

Ijumaa hii Mama Malsun akamwendea. “Mwanangu, unamngoja nani?”

“Sina mtu,” mwalimu akasema kwa Kikorea cha kuokoteza. “Ila kazini waliniambia huku mtu hajimiminii mwenyewe.”

Mama Malsun akafuta mikono kwenye aproni, akaishika chupa, akamimina. Mwalimu akaipokea glasi kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

“Mama, kabichi imeisha huku,” meza ya nyuma ikaita.

“Jichotee,” akajibu, akavuta kiti mbele ya vile vijiti vya pili.