Kinyozi Aliyepumzishwa

Siku hizi ukitaka kunyolewa unaingia kwenye chumba chenye taa za buluu, muziki unakupiga kifuani, na kijana anakukamata kichwa kama anachagua tikiti sokoni. Kabla hujakaa vizuri, umeshaambiwa uinuke. Hakuna aliyekuuliza umeamkaje. Umenyolewa, sawa, lakini unatoka na mzigo uleule ulioingia nao.

Kwa Mzee Mkasi haikuwa hivyo. Kibanda chake kilikuwa chembamba, kimebanwa kati ya karakana ya baiskeli na ukuta wa ghala. Ndani kulikuwa na kiti cha chuma kilichopakwa rangi juu ya rangi, kioo chenye ufa, na ukanda wa ngozi wa kunolea wembe. Alitumia mashine ya mkono, ile ya kubana na kuachia. Ikimng'ata mteja, Mzee husema, "Samahani bwana, haijapata kifungua kinywa." Nusu ya waliokaa pale hawakuwa na nywele za kunyoa. Aliyefukuzwa kazi alipitia pale kabla ya kwenda kumwambia mkewe. Aliyegombana nyumbani alinyolewa polepole, hasira ipoe kabla ndevu hazijaisha.

Mzee mwenyewe alikuwa mjane. Mkewe alianguka jikoni ghafla, kwa presha ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo. Binti yao wa pekee, muuguzi, siku hiyo alikuwa zamu hospitalini.

Basi asubuhi moja Mzee Mkasi akashikwa na kizunguzungu akiwa kazini. Akashika mgongo wa kiti, kikapita, akamalizia kichwa alichokuwa akikinyoa. Lakini habari ina miguu. Jioni binti alikuja na kipimo chake cha presha, akamfunga mkanda mkononi, akatazama namba, akabadilika uso.

"Baba, kazi basi. Umefanya kazi ya kutosha."

"Nikikaa nitafanya nini?"

"Utapumzika."

Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mtu mbaya ungemkemea. Alimhamishia baba yake nyumbani kwake, akampa chumba chenye dirisha kubwa, godoro jipya na televisheni. Kibanda akampangisha muuza vifuniko vya simu. Chakula kikapunguzwa chumvi, na wageni wakakatazwa. "Mazungumzo yanampandisha presha," alituambia sisi wateja wa zamani mlangoni, kwa adabu, mlango ukiwa wazi kiasi cha kupitisha pua.

Tangu hapo Mzee akaanza kuugua sawasawa. Usingizi ukakata. Kifua kikabana. Vidole vya mkono wa kulia vikakakamaa, akawa anashika kijiko kama mtoto. Binti alipima asubuhi, akapima mchana akiwepo, akapima jioni, na namba ikazidi kupanda. Daktari akaongeza dawa, kisha akazibadilisha. Ikawa Mzee akisikia tu mkanda ukifunguliwa, mapigo ya moyo wake yanaanza mbio. Mwili si ng'ombe, ukiufungia zizini unenepe.

Siku moja binti akiwa zamu, mimi na jirani yake wa zamani, yule fundi wa karakana ya baiskeli, tulikwenda kwa mlango wa nyuma. Tulimkuta barazani amekaa kwenye kiti cha plastiki, nywele zimemfunika masikio.

"Kweli kinyozi hajinyoi," fundi akasema. "Mzee, umekuwa kama nabii aliyekosa wafuasi!"

"Cheka tu. Hapa nalishwa kama kuku wa mayai, ila sijui wanataka nitage nini."

"Toka basi, rudi kazini."

"Kazini wapi? Mwanangu anaogopa. Nikimkatalia, nitamuua kwa hofu."

Fundi akakaa kwenye ngazi, akavua kofia. "Mimi huyu nyumbani nimeitwa fagio. Nisaidie."

Mzee akatutazama mmoja mmoja. Akaingia chumbani, akarudi na mashine yake imefungwa katika kitambaa. Alikuwa ameificha chini ya godoro lile jipya. Mwanzoni vidole vilikataa. Akabana, ikakwama, fundi akapiga yowe. Akabana tena. Punde mashine ikaanza kutafuna, na midomo nayo ikafunguka: nani kaoza binti, nani kauza nyumba, mwenye ghala kaoa tena au bado anaota. Mzee alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wenye nywele za watu.

Ndipo binti akatokea, bado na sare ya kazi.

"Mnamuua baba yangu!"

Hakungoja jibu. Alichukua kipimo, akamfunga mkanda, makusudi tuone madhara tuliyoyafanya. Akatazama. Akafungua, akafunga mkono wa pili. Namba ilikuwa imeshuka kuliko siku zote alizokaa nyumba ile.

"Kimeharibika," akasema.

"Nipime mimi," fundi akanyoosha mkono. Akapimwa, naye akaonekana mzima kama chuma cha baiskeli zake.

Binti akajifunga mkanda mwenyewe. Akatazama namba. Akauvua haraka, akaukunja, lakini mimi nilikuwa karibu, na macho yangu bado mazima, nikaiona. Kipimo hakikuwa na kosa. Namba yake ilikuwa juu kuliko ya baba yake alipokuwa hoi.

Sitasema hakujaribu kurekebisha. Alikwenda kwa mpangaji, mpangaji akamwonyesha mkataba. Aliulizia kiti cha chuma, akaambiwa kilikatwa na kuuzwa chuma chakavu, kwa kilo. Akamwekea baba yake kioo barazani na kutuomba tuwaambie watu. Tukawaambia. Wakaja wachache, wakongwe wenzetu. Wengine walishakufa, wengine wamezoea taa za buluu, na wengine wajukuu zao huwanyoa kwa mashine ya umeme sebuleni, mdomo kimya, macho kwenye simu. Mzee alivaa koti lake jeupe kila asubuhi akangoja. Kungoja nako ni ugonjwa. Kifua kikaanza kubana tena.

Alasiri moja nilikuwa pale, hakuna mteja. Binti akatoka ndani, akafungua kitambaa cha kichwa, akaketi mbele ya baba yake.

"Nipunguze, baba."

Mzee hakugusa mashine. Aliweka viganja vyote viwili juu ya kichwa kile, akaanza kukikanda, taratibu, kutoka utosini mpaka kisogoni, kama alivyotukanda sisi sote tulipokuja na mambo yetu.

"Kichwa kizito hiki. Unabeba nini humu?"

Binti akaanza, sauti ikitoka chini. Alisema siku ile mama yake alipoanguka, asubuhi yake mama alikuwa amelalamika kichwa kinauma. Kipimo kilikuwa mkobani. Yeye binti aliona atachelewa zamu. Akasema, "Nitakupima nikirudi."

"Hujawahi kumwambia mtu?"

"Ningemwambia nani?"

Mikono ya Mzee haikusimama. "Kumbe muda wote huu ulikuwa unampima mama yako kwenye mkono wangu."

Nikainuka nikaondoka. Yapo maneno ambayo jirani hana haki ya kuyamalizia.

Nasikia tangu siku hiyo walikaa barazani kila alipotoka kazini, wakiongea. Kipimo kilibaki kabatini, na chakula kikarudishiwa chumvi kidogo. Mzee alilala usiku mzima. Lakini moyo uliokwisha kuchoka hauwi mpya kwa kufurahi wiki chache. Alikufa kabla mvua hazijaisha, mchana, akiwa ameketi barazani.

Tuliporudi makaburini binti alinishika mkono.

"Baba mdogo, wiki zile zilikuwa nzuri. Tatizo zilikuwa chache tu."

Zilikuwa chache, na ni yeye aliyezifanya chache, kwa kumpenda. Alilijua hilo kuliko mimi. Zamani mtu mwenye uso kama ule ningempeleka kwa Mzee Mkasi.