Sponji ya Madhabahuni

Fundi Sponji aliipoteza Jumatatu yake kabla hata hajavaa viatu.

Siku moja kabla, kanisani, mchungaji alikuwa amefundisha juu ya uzima wa milele, na hakufundisha kwa maneno ya kupita juu ya vichwa vya watu. Aliwapa waumini swali moja la kwenda nalo nyumbani: katika yote utakayoyafanya kesho, ni lipi litakalovuka pamoja nawe upande wa pili? Kina mama waliguna. Kina baba walikohoa, kama wanavyokohoa wakiguswa pabaya. Fundi Sponji, mzee wa kanisa na mtengeneza makochi tangu ndevu hazijaota, alihisi swali lile limepita watu wote likaja kuketi mapajani pake.

Maana kulikuwa na jambo. Kaka yake, mkubwa wake wa kuzaliwa tumbo moja, alikuwa kitandani tangu mwaka uliopita. Zamani alikuwa dereva wa malori, na watu walimwita Breki kwa kejeli, kwa kuwa enzi zake hakuna aliyewahi kumwona akizikanyaga. Kiharusi kilimwangusha, upande wa kulia ukafa ganzi, ulimi ukawa mzito lakini haukupungua ukali hata chembe. Breki hakuwa mtu wa kanisa. Kwake yeye mtu akifa ndiyo basi, kama injini ikizima. Fundi aliamini vingine. Aliamini mpaka kwenye mifupa, na hilo ndilo lililomnyima amani. Kama kweli yako maisha yasiyokwisha, na kama kaka yake alikuwa anayasogelea kwa kichwa kigumu namna ile, basi hapakuwa na kochi duniani lililostahili kumzuia asiende kuketi naye na kumweleza.

Lakini makochi ndiyo yaliyomzuia.

"Leo cha kwanza ni kwa Breki," alimwambia mkewe asubuhi ile ya Jumatatu. "Mengine yote yatanisubiri. Kuanzia leo, lisilovuka upande wa pili halitangulii."

Mkewe alikuwa anamimina chai. "Na chai hii, baba watoto? Inavuka au niirudishe kwenye birika?"

Fundi hakucheka. Alikuwa ameinama kutafuta kiatu cha pili alipogongewa mlango. Ni mama wa bibi harusi mmoja, kaja kuuliza makochi yake, na kaja na uso wa mtu asiyetaka kuambiwa kesho. Wageni wa upande wa mume walikuwa njiani, sebule yake ilikuwa tupu kama uwanja wa mpira, na Fundi alikuwa ameahidi. Kuahidi aliahidi, hilo hakuweza kulikataa. Alishika stepla, akaanza kuvuta kitambaa, akijiambia ni kazi ya kidogo tu. Aliponyoosha mgongo, jua lilikuwa linazama na vidole vyake havikunjiki.

Jumanne alikuja Mama Mwenyekiti wa kamati ya jengo. Huyu alikuwa mama wa shoka, mwenye sauti ya kusikika mpaka nje ya geti, na kila alichokitaka alikitaka kwa ajili ya Bwana. Nyuma yake mkokoteni ulisukumwa ukiwa na viti vitatu vya madhabahuni, na juu ya viti, limefungwa kwa kamba, bonge la sponji jipya, nene, zito, ile ya daraja la juu ambayo ukiibonyeza inakurudishia mkono.

"Baba Askofu anakuja Jumapili," alisema. "Viti hivi ni aibu. Mwaka jana alikaa akazama, tukamwona mabega tu."

"Mama, wiki hii nina..."

"Mzee wa kanisa, hii ni kazi ya Mungu."

Basi. Utamjibu nini mtu aliyekwisha kumtaja Mungu? Fundi akavipokea viti. Mama Mwenyekiti alipoondoka, alikipiga teke kimoja, kisha akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona, akakifuta vumbi kwa kiganja.

Jumatano palikuwa na kikao cha wazee wa kanisa, kilichomeza alasiri nzima kujadili rangi ya mapazia. Alhamisi stepla ikagoma. Sala zake zote za wiki hiyo alizisali akitembea, nusu macho kafumba, nusu anatafuta mkasi. Alikuwa amekusudia kuanza na mambo ya milele, na sasa hata ya leo yalikuwa yanamshinda. Mkewe alipomuuliza kama atakula, alimfokea mpaka yeye mwenyewe akashtuka.

"Haya," mkewe alisema taratibu, akifunika chakula. "Na hilo nalo unavuka nalo?"

Jioni hiyo simu ikalia. Ni shemeji yake, mke wa Breki.

"Shemeji, kaka yako anakuulizia."

"Anaulizia nini?"

"Anasema, yule mtu wa mbinguni amekufa?"

"Mwambie kesho. Mwambie kesho bila kukosa."

Ijumaa aliacha viti vya Askofu vimevuliwa mpaka mbao, akafunga karakana, akashika Biblia yake akatoka. Njiani alikutana na wateja wawili, wote aliwapungia mkono bila kusimama, na mmoja akamtukana mgongoni. Alijisikia vizuri kidogo. Maneno yake alikuwa ameyapanga: ataanza na utoto wao, aje kwa mama yao aliyewalea kwa maombi, kisha taratibu aingie kwenye Injili, kama mtu anayeingia maji ya baridi.

Breki alikuwa amelala chali katika kile chumba cha mbele chenye dirisha moja, ndevu zimemtimka, macho darini. Hakugeuka.

"Umekuja kunizika?" aliuliza, kwa ule ulimi wa kuburuta.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kama umebeba mahubiri, yaache hapo mlangoni pamoja na viatu."

Fundi aliketi kwenye kiti cha plastiki, Biblia magotini. Utoto wao ukamtoka kichwani. Mama yao naye akatoka. "Kaka, siku zinakwenda," alisema, na papo hapo akajua ameanza vibaya.

"Zinakwenda. Mimi ndiye nimesimama."

"Nataka tuzungumze habari za roho yako."

"Roho yangu haijambo. Mgongo ndio una maneno."

"Sikiliza basi! Nimeacha kazi ya watu. Nimeacha viti vya Askofu vikiwa uchi. Nimekuja kwa ajili yako!"

"Nani kakutuma?"

Hapo mori ukampanda. Alisimama, akasema mambo ambayo mzee wa kanisa hasemi chumbani kwa mgonjwa: kwamba Breki alikuwa mbishi tangu tumboni, kwamba hata kiharusi hakikumfundisha kitu, kwamba yeye Fundi amechoka kumlilia Mungu kwa ajili ya mtu asiyetaka. Breki alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafumba macho. Shemeji aliingia na beseni la maji ya vuguvugu, akajifanya hakusikia, ingawa mtaa mzima ulikuwa umesikia.

"Shemeji, hebu nisaidie kumgeuza. Peke yangu siku hizi siwezi."

Fundi aliweka Biblia kwenye kiti. Alimshika kaka yake mabegani, shemeji akashika nyonga, wakamviringisha upande. Breki aliguna kwa sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia kwake. Juu ya makalio, ngozi ilikuwa imefanya wekundu mbaya, na mahali pamoja ilikuwa imeshafunguka.

"Muuguzi alisema tumgeuze mara kwa mara," shemeji alisema. "Namgeuza. Lakini anarudi mle mle."

Kweli, godoro lilikuwa na shimo la umbo la mtu. Fundi alibonyeza kwa kiganja, kama anavyobonyeza kila siku ya maisha yake, na mkono wake haukukutana na kitu. Ulishuka mpaka kwenye chaga za kitanda. Kaka yake alikuwa analala juu ya mbao. Fundi alikuwa ameshakuja humu mara kadhaa, akaketi kwenye kiti kile cha plastiki, akasema ya mbinguni, akaaga. Hakuwahi kuligusa godoro. Yeye, ambaye mji wote walimwita kwa jina la sponji.

Alisaidia kumwosha, akasaidia kumlaza kwa ubavu na mto mgongoni, akatoka mbio mpaka akasahau Biblia.

Karakanani alikata ile sponji ya madhabahuni. Aliipima kwa urefu wa kitanda, akaunga vipande viwili kwa gundi, chini akaweka iliyo ngumu, juu iliyo laini, na mahali pa kidonda akachonga bonde pana ili ngozi isiguse. Alishona mfuko wa kitambaa laini. Alifanya kazi kwa hasira, meno yameuma nyuzi, jasho likidondokea kazi.

Mkewe alisimama mlangoni. "Hiyo si ya madhabahuni?"

"Ni ya madhabahuni."

"Na viti?"

"Vitavaa kitambaa kipya juu ya sponji ile ile ya zamani."

Mkewe akaja akashika ncha ya pili ya kitambaa, akaivuta ikanyooka.

Jumamosi walilipeleka godoro jipya. Breki alilazwa juu yake, akatulia, akashusha pumzi ndefu. Fundi alivuta kiti karibu. Sasa, alijisemea, sasa moyo umelainika, sasa atanisikiliza. Akafungua Biblia yake aliyoikuta pale pale. Alipoinua macho, Breki alikuwa anakoroma.

"Wiki nyingi hajalala hivi," shemeji alinong'ona, machozi yamemjaa. "Usimwamshe, tafadhali."

Fundi alirudi nyumbani akiwa na hotuba nzima kooni.

Jumapili Baba Askofu alizama. Alizama polepole, kwa heshima zote, mpaka waumini wakabaki kuona mabega. Mama Mwenyekiti aligeuka katika safu yake akamtafuta Fundi kwa macho, na alipompata hakumwachia mpaka neema ya mwisho.

Walikutana baada ya ibada, nyuma ya kanisa, mchungaji akiwepo. Fundi alieleza yote. Alidhani akimaliza watanyamaza, na labda Mama Mwenyekiti atatoa leso.

"Kwa nini hukuniambia?" alisema Mama Mwenyekiti.

"Ungenikatalia."

"Ningekukatalia, ndiyo! Lakini ungeniambia. Ningepiga kelele siku moja, kesho yake ningekuja na kina mama tumtafutie godoro. Wewe umenifanya adui wa mgonjwa ambaye sikujua hata kama analala juu ya mbao. Na ile sponji haikuwa yako."

Fundi alimgeukia mchungaji, naye mchungaji alisema tu, "Ana haki, mzee." Basi ikawa hivyo. Alivitengeneza viti vyote upya kwa sponji aliyoitafuta mwenyewe, na kwa muda mrefu Mama Mwenyekiti alimsalimia kwa kidevu. Ila kina mama walianza kufika kwa Breki kwa zamu kusaidia kumgeuza, na yeye Mama Mwenyekiti ndiye aliyekuwa na mkono imara kuliko wote. Breki alimwita Turnboi, kama utingo wa lori lake enzi zile.

Na Fundi? Asubuhi zake hazikunyooka. Wateja waliendelea kumgongea kabla ya chai, stepla iliendelea kugoma, vikao vya mapazia viliendelea. Tofauti ilikuwa moja: alikwenda kwa Breki kwanza, kila siku ya kazi, kabla ya kufungua karakana, na aliyekuja akakuta kufuli alimsubiri au alikasirika akaenda. Wengine walienda kabisa. Jambo hilo lilimuuma kila mara. Hakuwahi kulizoea.

Alimgeuza kaka yake, akamnyoa, akabishana naye habari za barabara za zamani. Habari za roho zilikataa kuingia. Kila alipozifungulia mlango, Breki aliufunga kwa mzaha. Kuna siku Fundi alitoka pale akasimama kwenye kona ya mtaa akamwambia Mungu waziwazi kwamba hii kazi haendi nayo popote, kama kuna mwingine anayeiweza apewe.

Kisha asubuhi moja, kidonda kikiwa kimefunga na ndevu zimenyolewa upande mmoja, Breki alisema, "Bwana mdogo. Hicho kitabu chako."

Wembe ulisimama hewani. "Ndiyo, kaka?"

"Soma."

Fundi alijifuta sabuni mikononi. "Nisome wapi? Ngoja kwanza nikueleze, kuna mahali ambapo..."

"Nimesema soma. Sikusema nieleze. Ukieleza, nalala."

Akasoma. Alichagua habari za yule ndugu aliyekufa na dada zake wawili wakilia, kabla hajaitwa atoke kaburini, na akasoma polepole. Alipofika mahali ambapo kila fundisho alilokuwa amelipanga lilimpanda mpaka ncha ya ulimi, alisita, akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Breki alimtazama, nusu ya uso wake sabuni, jicho moja limemkazia.

Fundi alikunja uso. Akafunga kinywa, akatafuta mstari kwa kidole, akaendelea kusoma.