Ramani Iliyofunguka kwa Mke Mwenzangu

Wivu wa ukewenza nimeuzoea kama wengine wanavyozoea goti bovu: kuna siku unausahau, kuna siku huinuki. Mume wetu, Mola amzidishie afya, ni mtu wa haki. Aliponifungulia mimi duka la kanzu Kariakoo, mwenzangu alimfungulia la mabaibui mtaa huohuo. Hata tovuti alitutengenezea mbili kwa mpigo, kila moja na ramani ya kumfikisha mteja mlangoni.

Mwezi wa Shaabani, ramani yangu ikafa. Palipokuwa na mitaa pakabaki kijivu kitupu. Nilijua kwa sababu ya simu ya mteja mmoja wa Kigamboni.

"Shikamoo mama. Ile kanzu ya mtoto usinitafutie tena. Nimevuka pale Magogoni, nimezunguka Kariakoo, ramani yako haifunguki. Nimeshapata duka jingine."

"Marahaba mwanangu. Duka gani hilo?"

"La mabaibui. Yule mama ana maneno matamu huyo!"

Kumbe bi mdogo alikuwa ameanza kutundika kanzu dirishani. Nikafungua tovuti yake kwenye simu yangu. Ramani yake inang'aa, na duka lake limekaa katikati kama bibi harusi. Nikasema alhamdulillahi kwa ulimi, moyo haukuitikia. Chuoni tulifundishwa kwamba husuda ni kutaka mwenzako anyang'anywe alichopewa. Mimi sikutaka anyang'anywe. Nilitaka tu yangu ing'ae zaidi.

Kanzu za Idd huuzwa kabla ya Idd. Ikipita, mzigo unakaa kabatini mwaka mzima. Na mteja mgeni hasubiri maelezo, anakwenda kule ramani inakompeleka. Nikaanza kuhangaika.

Ramani hiyo huletwa kwenye tovuti na programu ndogo inayochomekwa, wenyewe wanaiita plagini. Plagini nayo haipewi ramani ila kwa ufunguo, mstari mrefu wa herufi na namba. Mume wetu aliuomba ufunguo mmoja, tukautumia sote wawili. Nikaiondoa plagini, nikaipachika upya. Nikaubandika ufunguo tena, nikahakikisha hakuna nafasi iliyobaki mkiani. Kijivu. Mwishowe nikaenda pale tovuti inapoandika makosa yake, nikasoma kwa miwani na bila miwani: ufunguo ni halali, ila tovuti hii haijaruhusiwa kuutumia.

Haijaruhusiwa! Nikakaa kitako. Ufunguo mmoja, wake wawili, na mmoja kafungiwa nje. Kafunga nani?

Ruhusa hizo huwekwa kwenye akaunti iliyotoa ufunguo. Akaunti iko kwenye kompyuta ya mume wetu, na kompyuta huenda aendako. Siku zile zilikuwa zamu ya bi mdogo. Na tangu tuolewe na mume mmoja, tuna desturi yetu: katika zamu ya mwenzako hupigi simu wala hukanyagi kwake, isipokuwa kwa ugonjwa au msiba. Sikuwahi kuivunja. Subira nimeihubiri kwa wasichana wengi, lakini siku ile ilinishinda.

Nikangoja Alasiri, kwa kuwa mume wetu akishaswali hubaki msikitini mpaka Magharibi. Sikutaka anione mlangoni kwa mwenzangu nikiwa nje ya zamu. Nikakata Mnazi Mmoja, uradi mdomoni, nikapanda ngazi zake.

"Hodi."

"Karibu... Heh! Bi mkubwa! Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Imekufa ramani."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Haya ingia basi, au mpaka upigiwe tarumbeta?"

"Kama umenifungia, niambie, nisihangaike."

"Nikufungie nini mie? Au vile vikanzu vyangu dirishani vimekunyima usingizi?"

"Usingizi napata. Nimemkosa mteja wa Kigamboni."

"Yule alikuja kalowa jasho, anaomba maji. Ningemfukuza?"

Akaifungua kompyuta, na nilichukia jinsi alivyolijua neno la siri bila kufikiri. Tukafika kwenye masharti ya ufunguo. Zilizoruhusiwa ni tovuti mbili tu. Ya kwanza ni yangu, juu ya ya kwake. Mume wetu hakunipunja.

"Sasa hii si anwani yako?" akauliza.

"Ilikuwa. Mwanzo wa mwezi huu nimehamia anwani mpya."

"Kwa nini?"

Nikavua miwani, nikaifuta. Anwani zetu za mwanzo zilifanana kama doti moja iliyokatwa vipande viwili, na wateja walidhani ni duka moja.

"Hukutaka kufanana na mimi," akasema.

"Sikutaka."

"Basi ramani imekutii."

Akaandika anwani yangu mpya, polepole, akinisomea. Kisha akasema, "Au niondoe masharti yote, tovuti yoyote iutumie? Hutahangaika tena."

"Weee, acha! Akija wa tatu?"

Hapo tulicheka pamoja, sijui kwa mara ya ngapi katika maisha yetu, lakini si nyingi. Masharti yakabaki.

Kompyuta ikatuambia mabadiliko huchukua dakika kadhaa. Akaenda kuchemsha chai. Mezani palikuwa na kikombe cha mume wetu, na kando yake bakuli la sukari, kijiko ndani bado kimelowa chai. Kwangu anakunywa chai kavu. Kwangu anasema sukari imemkinaisha tangu aingie uzeeni. Nililitazama bakuli lile zaidi kuliko nilivyoitazama kompyuta.

"Imefunguka!" bi mdogo akaita kutoka jikoni, simu mkononi. Kweli, mitaa yote ilikuwa imerudi, na duka langu mahali pake. Nikamshukuru, na nilimaanisha. Nikamwombea baraka. Chai sikuisubiri, jua lilikuwa linashuka.

Wateja wamerudi, kanzu zinatoka. Na zamu yangu ilipofika, nilimtengea mume wangu chai, nikaweka na bakuli la sukari kabla hajaketi. Akaliangalia, akaniangalia. Kisha akachota vijiko viwili, akakoroga.