Madirisha Mapana ya Nyumba ya Wajawazito

Siku ile Bi Khadija aliponifungia chumbani saa nane mchana haijanitoka akilini, Salma mwanangu, na leo umenirudisha huko kwa makaratasi yako haya. Malengo kumi na manne! Nimeyasoma yote, miwani puani, mpaka chai imepoa. Jengo litapunguza matumizi ya umeme. Jengo litavuna maji ya mvua. Jengo litapitisha hewa asilia. Unachora hosteli ya wasichana hapo Wiyoni, watoto wa vijiji vya mbali vya Ndau na Kipungani wapate pa kulala wakija kusoma. Ni jambo la kheri, Mungu akulipe. Lakini nimetafuta ukurasa baada ya ukurasa neno moja tu juu ya wasichana wenyewe, sikuliona. Basi kaa nikwambie, na hiyo simu iweke chini.

Nilikuwa na umri kama wako. Nimerudi kutoka Mombasa na cheti cha ujenzi, kichwa kimevimba, simsikii mtu. Watu wa mji wakaunda kamati ya kujenga nyumba ya kungojea uzazi. Wakati huo, kama sasa, mwanamke wa visiwa vya mbali akikaribia siku zake huletwa mjini kwa chombo, akae karibu na hospitali mpaka ajifungue. Uchungu ukimkuta kwao, safari ni ndefu na lolote laweza kutokea. Kazi ya kuchora nikapewa mimi.

Tukakaa kwenye baraza iliyokabili kiwanja chenyewe, mimi na wazee sita, wanaume watupu, kahawa inazunguka, tukaweka malengo. Neno lenu la kisasa, "endelevu", hatukulijua, lakini shabaha ilikuwa hii hii yako. Nyumba isinunue maji, ndipo tukachora birika la kuhifadhia maji ya mvua. Ijengwe kwa mawe na chokaa ya hapa hapa. Na isitumie feni hata moja, upepo ufanye kazi, maana umeme wa mji siku hizo ulikuwa wa kuja na kwenda. Hilo la feni ndilo lililonikaa moyoni kuliko yote. Nikakataza hata waya wa feni usipitishwe darini, asije mtu akanivunjia lengo langu.

Basi nikafungua madirisha mapana upande ule upepo unakotoka. Kiwanda, ule uwazi wa katikati ya nyumba zetu unaoachwa bila paa, nikakifuta. Niliona kinakula nafasi ya vyumba viwili. Siku ya ufunguzi upepo uliingia mpaka kanzu za wageni zikapepea, nami nikapongezwa mpaka nikaona aibu kidogo, kidogo tu. Karatasi ya malengo nikaitia fremu na kuitundika ukutani mwa chumba cha kwanza. Ndiyo, fremu! Usicheke, ya kwako umeipaka rangi ya kijani.

Mwanamke wa kwanza kukaa humo alikuwa Mwanaisha wa Ndau, mimba yake ya kwanza. Wiki ya pili akamwita kaka yake, akafunga virago. Uchungu ukamshika chomboni. Mtoto alizaliwa hai, alhamdulillahi, lakini mama alitokwa na damu nyingi hata wakageuza chombo kumrudisha mjini, na alikaa kitandani mwezi mzima. Mimi niliposikia nilifanya nini? Nilimlaumu yeye! Nilisimama sokoni nikasema watu wa visiwani hawana shukurani, wamejengewa nyumba ya upepo wameikimbia. Astaghfirullah.

Bi Khadija alikuwa mkunga, amewapokea wakizaliwa nusu ya watu wa mtaa wetu, nami nikiwemo. Alinisikia. Alinishika mkono pale pale mbele za watu akanivuta mpaka chumba alicholala Mwanaisha. Madirisha yamefungwa kwa komeo, mapazia mazito yameshushwa.

"Keti hapo kitandani," akasema. "Usifungue kitu."

Akatoka, akafunga mlango. Baada ya dakika kumi shati lilikuwa limelowa. Baada ya nusu saa kichwa kilikuwa kinagonga, na fremu yangu iko mbele yangu inaniambia upepo utafanya kazi. Wala mimi sikuwa na mimba, wala miguu iliyovimba. Niliposhindwa kabisa nikafungua dirisha, nikatazamana uso kwa uso na wanaume wanane kwenye baraza ya ng'ambo ya kichochoro, vikombe mkononi. Mmoja akanipungia mkono.

Mlango ukafunguliwa.

"Umewaona?" Bi Khadija akauliza. "Hao huketi hapo tangu adhuhuri hata isha. Mke mwenye mimba, amevua mtandio kwa hari, afungue dirisha mbele ya mato yao? Mkeo ungemwata afungue?"

"Bi Khadija, nalidhani..."

"Wewe walidhani nini? Baraza hiyo si yako? Si hapo mulipoketi mukaandika karatasi hiyo? Wewe walitafuta ndia ya upepo, hukuuliza nani atakayeufungulia!"

Tulikuwa tumeweka malengo ya nyumba tukiwa tumekalia sababu ya madirisha yake kufungwa.

Tulivunja vyumba viwili vya katikati, kiwanda kikarudi, madirisha tukayaelekeza ndani. Upande wa kichochoro tukaacha matundu ya hewa juu ya kimo cha mtu. Na waya wa feni nikaupitisha kwa mkono wangu, kwa zile siku upepo unapokufa. Mwanaisha alirudi kwa mimba ya pili, akakaa mpaka akajifungua. Nilimwomba radhi. Akasema sasa panalalika.

Haya, sasa tazama ukurasa wako wa saba. Madirisha ya bweni yanakabili wapi? Uwanja wa mpira! Na wewe ni mwanamke, Salma, ulipaswa kuliona hili kabla yangu. Umeniambia, "Lakini ami, kompyuta imeonyesha upepo unatoka huko." Najua unatoka huko! Hata wangu ulitoka huko. Kompyuta haijawahi kuvua mtandio.

Nasaha yangu ni hii. Umeme na maji ni malengo mema, lakini yaandike baada ya kumjua atakayelala humo. Nenda ukakae na wasichana hao na mama zao, saa ya joto kali, uwaulize watafungua nini na watafunga nini, na kwa nini. Kisha chora. Na jengo likishakaliwa mwezi mmoja rudi ukaulize tena, na ukikuta lengo lako linamtesa mtu, livunje wewe mwenyewe kabla hajafunga virago.

Mwenyezi Mungu aibariki kalamu yako, akulinde na sifa za siku ya ufunguzi, na akujaalie kujenga nyumba ambayo mtoto wa mtu akisikia joto atanyoosha mkono afungue dirisha bila kuchungulia kwanza nani yuko nje. Amin. Na karatasi yako hii ya malengo usiitie fremu.