Karatasi za Sauti ya Pili

Mwalimu wetu wa kwaya ni kijana wa rika la mwanangu wa kwanza. Tukikutana njiani hapa Kinampanda anasimamisha pikipiki, anazima injini, ananiamkia shikamoo kwa heshima zote. Lakini siku alipogawa karatasi za nota kanisani, alinipita kama vile mimi ni benchi.

Ulikuwa wimbo mpya wa Pasaka. Miaka yote tulikuwa tukifundishwa kwa kuimbiwa: yeye anaimba, sisi tunafuatisha mpaka tunakariri. Safari hii alikuwa ametoka semina, akaja na moto wa nota. Aliwapa wanaume karatasi, akawaita mbele ya ubao na kuanza kuwaeleza ile mistari mitano inayobeba nota. Sisi wanawake tulibaki kwenye viti, tukinyonyesha na kufukuza nzi.

"Mwalimu, na sisi?" niliuliza.

"Mama, nyie mna masikio mazuri. Mtafuata kinanda. Nota zitawachosha bure."

Wanaume walicheka. Mume wangu, anayeimba besi, naye alicheka. Nimeongoza sauti ya pili tangu kijana yule hajaanza shule, na siku hiyo nilirudi nyumbani na hasira. Nilisonga ugali kwa nguvu mpaka mume wangu akauliza sufuria limekosa nini.

"Ulikuwa unacheka nini?" nikamwuliza.

"Si utani tu, mke wangu."

Sahani yake nilimwekea mezani bila kumkaribisha.

Wiki iliyofuata nilikwenda Singida Mjini kumuuguza mama mkwe. Nilifikia kwa wifi yangu, anayeuza vitunguu sokoni na kupiga kinanda kwenye kanisa lao. Nilimweleza yote. Hakunipa pole. Alisema tu, "Nyoosha mkono wa kushoto. Kiganja kikutazame, kidole gumba juu."

Nikanyoosha.

"Vidole ndiyo mistari. Anza na kidole cha mwisho, panda: mi, so, ti, re, fa. Katikati ya vidole, kutoka chini: fa, la, do, mi. Haya, sema."

Nilisema. Nilisema nikimenya viazi, nikifua, nikiwa kwenye foleni ya hospitali huku watu wakinitazama nilivyojishika vidole. Nikadhani nimemaliza. Kesho yake wifi akaniwekea karatasi yenye alama kama kijidirisha cha nondo mwanzoni mwa mistari, akasema sasa do imehamia mstari wa pili kutoka chini.

"Imehamaje? Jana ulisema iko kwenye nafasi!"

"Ikiwekwa alama hiyo, inahama."

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Jana ungekimbia."

Niliitupa karatasi ile. Niliichukia do, nikamchukia na wifi. Kisha nikainama nikaiokota, maana nilimwona akilini yule mwalimu kijana akisema, "Si niliwaambia?"

Niliporudi, nilingoja mazoezi ya Jumamosi. Nilikwenda moja kwa moja kwa mume wangu, nikachukua karatasi mkononi mwake, nikasimama mbele ya mwalimu nikaimba sauti ya pili kutoka mstari wa kwanza. Nilipofika katikati, mwalimu akatabasamu.

"Hapo umekosea, mama. Ile nota ina kidoti, inavutwa, haikatwi. Ndiyo maana nilisema."

Nilitazama. Kidoti kilikuwepo kweli. Damu ilinipanda kichwani, maana alikuwa na haki, na kwa kuwa alikuwa na haki nilizidi kukasirika. Mimi nikikasirika sana Kiswahili hunikimbia. Nilimwambia kwa Kinyiramba kwamba mtu haachwi gizani halafu achekwe akijikwaa. Yeye ni mgeni huku, hakuelewa, lakini wanawake wote walielewa. Mmoja wao akasimama.

"Anasema utufundishe hicho kidoti," alimwambia, kwa upole zaidi kuliko nilivyosema mimi.

"Karatasi hazitoshi."

"Basi wanaume watupe zao."

Hakuna aliyecheka. Wanawake walikataa kuimba tena, na kwaya ya besi peke yake haina wimbo. Mwishowe mume wangu aliinuka, akakusanya karatasi kwa wenzake, akatuletea bila kunitazama usoni. Mwalimu akafuta ubao, akachora mistari upya.

Pasaka tuliimba tukiwa na karatasi mikononi. Baadhi yetu bado tunapotea, hasa kwenye nota nyeusi zinazokimbizana, na mwalimu anatusubiri huku akipumua kwa nguvu puani. Watu wanasema ametubadilisha, wanampongeza mlangoni baada ya ibada, naye anaitikia "asante." Akiniamkia shikamoo, naitika marahaba kama inavyopasa. Zaidi ya hapo sijampa neno.