Majani ya Dorcas ilifika kwetu

Ndiyo, Neema, ni wivu. Umenisemea vile leo ku soko mbele ya bamama, na sikatale. Lakini majani yenye kufunika lengalenga, ile mboga ya Mama, haiko wivu. Kuja uikamate na mukono.

Mudogo yangu, weye ulikuwa na homa ile Samedi ya Salongo, kazi ya usafi ya batu bote kila mwezi. Avenue yote tulikuwa tunakata majani mbele ya parcelle, kiwanja ya kila nyumba; chef d'avenue, mukubwa wa barabara yetu, akapita. Kwetu akasema tu, "Bon." Kwa Dorcas, jirani yetu, akasimama. "Bamama, muangalie hapa. Hivi njo parcelle inapaswa kuwa." Dorcas akacheka, mi jasho iko naingia mu macho. Na Mama akasema, "Huyu mutoto anatumika sana." Mama yetu. Miye hajanisemeaka vile hata siku moja.

Kesho yake nilishuka ku mutoni kuteka maji ya bustani, nikamukuta Dorcas na brouette, kile kigari ya gurudumu moja. Alikuwa namwanga mu maji ile majani ya kutambaa yenye alikata jana, ingali mubichi.

"Dorcas, unatupa wapi?"

"Dada Grâce, maji itaibeba mbali."

Mbali ni kwetu, bustani yetu iko chini kidogo ku ule mutoni. Kipande kidogo kama kidole ikigusa udongo ya maji, inashika mizizi. Nilijua. Koko, bibi yetu, alitufundisha kuianika juu ya mabati mpaka inavunjika, kisha kuichoma. Sikumuambia Dorcas. Nilitaka nimutaje Salongo ingine, chef akisikia, batu bote bakisikia.

Sasa, nyuma ya wiki tatu, bustani nusu imefunikwa, na ile lengalenga njo inakulipiaka shule.

Leo mangaribi nikaenda kumulalamikia Koko. Alikuwa nachambua maharagi, hakuinua macho.

"Ile majani, umeing'oa?"

"Bado, Koko. Nangojea Salongo, chef aione."

"Aha. Mama yako iko napoteza bustani, weye uko natafuta batu ba kukupigia mikono."

"Lakini Koko, ni yeye alitupa."

"Alitupa sababu hajue. Weye unajua, ukafunga kinywa. Leta ile kitunga, unanikingia mwangaza."

Neema, nilileta kitunga. Nilitaka kulia, nikachambua maharagi.

Basi unisikie, sababu weye nawe utakuwa na Dorcas wako. Ile majani usiitupe mubichi, hata mu rigole, mufereji ya barabara, hata mu parcelle ya mwenye alikimbia vita na hakuna mutu ya kuilinda. Na ukiona mwenzako anakosea, muambie yeye kwanza, siku ile ile, hata kama batu banamupenda kuliko weye. Itakuuma. Sema tu. Mungu akupe roho yenye kutulia, mudogo yangu. Yangu haiyatulia bado.

Kesho asubui, mbele jua ipande, nitagonga kwa Dorcas. Nitamuonyesha namna ya kuanika, na nitamuomba aje na brouette yake tung'oe ku bustani pamoja. Na kama Mama atamushukuru yeye wa kwanza, mi nitaendelea kung'oa.