Anayemtungia Verna Uzi

Kila Alhamisi mpiganaji wa timu ya hoki ya barafuni hufika kwa Verna, mshona jezi, na hubisha hodi hata mlango ukiwa wazi. Kazi yake kwenye hoki si kufunga mabao. Ni kuvua glavu pale barafuni na kumtwanga anayewachokoza wenzake, na hata hapo humuuliza mtu kwanza, "Tupigane?" Akikataliwa, huenda zake. Jezi huileta ukanda wa mgongoni umekatika, ule unaoifunga kwenye suruali ili wapinzani wasimfunike nayo kichwa. Macho ya Verna yamechoka, kwa hiyo mpiganaji ndiye humtungia uzi kwenye sindano, kwa vidole vinene kama soseji, mara moja tu umeshapita.

Alhamisi hii alijaribu mara nne. Vidole vya kulia vilikataa kukunjika.

"Sindano zako siku hizi hazina matundu, mama."

"Kaa chini, muongo wee."

Kocha akachungulia mlangoni. "Huo mkono mzima? Kesho tunacheza na timu ya Regina. Kama umekufa, nitafute mpiganaji mwingine leo leo."

Verna akaificha sindano tupu kiganjani.

"Umekufa wapi? Kanitungia uzi sasa hivi. Funga mlango, unaniletea baridi."